Utendi wa Szigetvár usikatwe vipande viwili

Mhariri,

Makala yenu kuhusu fasihi ya Kibaroki barani Ulaya, yaani mtindo uliotawala karne ya 17, ilikuwa na mengi ya kufaa, na kwa hilo nawashukuru. Lakini ilipofika kwenye ufalme wa Hungaria wa karne ya 17 ilikata pasipo na kiungo. Ilimweka Zrínyi Miklós katika aya ya Wahungaria na Petar Zrinski katika aya ya Wakroatia, kana kwamba hawakujuana. Hao ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Zrínyi na Zrinski ni jina lilelile la ukoo, lililoandikwa kwa lugha mbili, na vitabu vyao viwili vinasimulia utendi mmoja, ule wa kuzingirwa kwa ngome ya Szigetvár mwaka 1566. Kosa hili si lenu peke yenu. Vitabu vingi vya historia ya fasihi vya huko huko viliandikwa baada ya mipaka ya mataifa kuchorwa, na kila taifa lilichukua ndugu wake likamwacha wa pili. Naomba nafasi nieleze kwa nini mgawanyo huo unaharibu usomaji, na nini kifanyike hasa na wenzetu wanaofikiria kuufasiri utendi huu kwa Kiswahili.

Tuanze na hali ya nchi. Baada ya vita vya Mohács mwaka 1526 na kutekwa kwa Buda mwaka 1541, ufalme wa Hungaria uligawanyika mafungu matatu. Katikati walitawala Waturuki, mashariki kukawa na utawala wa Transylvania, na ukanda wa magharibi na kaskazini ukabaki kwa wafalme wa nyumba ya Habsburg, makao makuu yakiwa Pozsony, mji unaoitwa leo Bratislava. Chini ya taji hilohilo walikuwamo Wahungaria, Waslovakia wa kaskazini, Wajerumani wa mijini, na Wakroatia waliokuwa na bunge lao na gavana wao aitwaye ban. Kilatini kilikuwa lugha ya sheria na bunge, na kiliendelea hivyo hadi mwaka 1844, Kihungaria kilipotangazwa kuwa lugha rasmi. Mtu aliyesoma alitoka shuleni na Kilatini, nyumbani alikuwa na lugha yake, sokoni na jeshini akaokota ya jirani.

Kwa hiyo mwandishi hakuuliza kwanza, "Mimi ni taifa gani?" Aliuliza kazi ni ipi na msomaji ni nani. Kardinali Péter Pázmány alipofundisha teolojia alifundisha kwa Kilatini. Alipotaka kuwarudisha Waprotestanti katika Ukatoliki aliandika Kihungaria, na kitabu chake kikubwa cha mabishano kilitoka mwaka 1613. Mwaka 1624 alitoa tafsiri ya Kihungaria ya kitabu cha ibada cha Kilatini, na katika dibaji akasema amejitahidi maneno yatiririke kana kwamba yameandikwa mara ya kwanza na Mhungaria, kwa Kihungaria. Huyo ni mtu aliyeijua vizuri hatari ya tafsiri yenye kunuka lugha ya asili. Miaka mia moja baadaye, Matej Bel, mzaliwa wa kaskazini kwenye Kislovakia, aliandika kwa Kilatini maelezo makubwa ya nchi nzima, na mwaka 1729 akachapisha Pressburg, yaani Pozsony ileile, kitabu cha kufundisha Kihungaria, chenyewe kikiwa kimeandikwa kwa Kijerumani. Mwandishi mmoja, lugha kadhaa, kila moja mahali pake.

Ukitaka kuona jambo hili kwa macho, tazama matbaa moja tu, ile ya familia ya Brewer katika mji wa Lőcse, leo Levoča. Mwaka 1636 ilitoa Cithara Sanctorum ya Juraj Tranovský, kitabu cha nyimbo za Walutheri wa Kislovakia chenye nyimbo zaidi ya 400. Lugha yake ni Kicheki cha Biblia, kwa sababu Walutheri hao walisali kwa Kicheki ingawa nyumbani walisema Kislovakia. Mwaka 1651 matbaa hiyohiyo ikatoa kitabu cha nyimbo za Kikatoliki kwa Kihungaria, na mwaka 1655 kingine cha Kikatoliki, cha Kilatini na Kislovakia. Mchapaji Mlutheri, wateja Wakatoliki. Ukiigawa rafu hiyo kwa mataifa ya leo, utavitawanya vitabu vilivyotoka katika chumba kimoja, vikibishana na kuazimana tuni.

Sasa niingie kwenye utendi wenyewe. Mwaka 1566 Sultani Suleiman aliizingira ngome ya Szigetvár, iliyolindwa na Wakroatia na Wahungaria chini ya Nikola Zrinski. Ngome ilianguka Septemba, Zrinski akafa akitoka nje kupigana, na Sultani mwenyewe alikuwa amekwisha kufa kwa maradhi hemani kwake. Angalieni jinsi habari hizo zilivyosafiri. Mtumishi wa Zrinski aliyenusurika, Ferenac Črnko, aliziandika kwa Kikroatia. Samuel Budina akazigeuza Kilatini, zikachapwa Vienna mwaka 1568. Brne Karnarutić wa Zadar akazitungia shairi la Kikroatia, lililochapwa Venice mwaka 1584. Hatimaye kitukuu wa yule shujaa, mwenye jina lilelile la Miklós au Nikola, akatunga utendi wake kwa Kihungaria katika majira ya baridi ya 1645 hadi 1646, akiwa amemsoma Karnarutić, pamoja na Virgil na Tasso, watunzi wa tendi wa Kirumi na wa Kiitalia. Ulichapwa Vienna mwaka 1651 pamoja na mashairi yake mengine. Jina la kitabu kizima laweza kufasiriwa Nguva wa Bahari ya Adria. Miaka tisa baadaye, mwaka 1660, mdogo wake Petar akautoa kwa Kikroatia mjini Venice, chini ya jina hilohilo la nguva.

Shikeni kurasa za mbele za vitabu hivyo mkizilinganisha. Cha kwanza kimeandikwa "Groff Zrini Miklos", cha pili "Groff Zrinszki Petar". Neno "Groff" ni cheo cha ukabaila, na asili yake ni Kijerumani. Katika kila kitabu cheo kinatangulia jina, na katika kila kitabu cheo hicho hakikutoka kwenye lugha ya kitabu. Kurasa za ndani ndivyo zilivyo. Miklós anasema wazi katika dibaji yake kwamba ameyachanganya maneno ya Kituruki, Kikroatia na Kilatini katika beti kwa kuwa aliona zinapendeza zaidi, tena Kihungaria kwa maoni yake kilikuwa na upungufu wa maneno. Anaongeza kuwa kazi yake hasa ni kulitumikia taifa kwa namna iliyo kubwa kuliko ushairi, na kwamba hakupata wakati wa kuirekebisha kazi hii.

Hapo ndipo wahariri wengi huteleza. Wakikuta neno la Kituruki hulitoa, wakikuta mshororo wenye kwaru huupiga randa. Nataka kuonyesha madhara yake kwa ubeti mmoja, ule wa kwanza:

Én az, ki azelőtt iffiu elmével
Játszottam szerelemnek édes versével,
Küszködtem Viola kegyetlenségével:
Mostan immár Mársnak hangassabb versével

Viola ni mwanamke wa mashairi yake ya mapenzi. Kila mshororo una mizani 12, na mishororo yote minne ina kina kimoja cha mwisho, bila kina cha kati. Hesabuni mshororo wa kwanza: neno "iffiu", lenye maana ya ujana, lina silabi tatu, if-fi-u. Matoleo ya kisasa huliandika "ifjú", silabi mbili. Kwa mabadiliko hayo madogo ya tahajia mshororo unabaki na mizani 11, na mwanafunzi anaambiwa mshairi hakujua kuhesabu. Kosa ni la mhariri. Mshororo wa pili ni tofauti: una mizani 12 kamili, lakini haukatiki katikati, kwa sababu neno la pili linavuka mpaka na mapumziko yanaangukia baada ya silabi ya saba. Huo ni ukwaru wa mshairi mwenyewe, na wahakiki wengi wa baadaye walimlaumu kwa mambo kama hayo. Asiyekwenda kwenye chapa ya 1651 hawezi kutenganisha kwaru za Zrínyi na kwaru alizoongezewa.

Tazameni pia kina. Maneno manne ya mwisho yote yamebeba kiambishi tamati "-vel", chenye maana ya "kwa" au "pamoja na". Kihungaria huunganisha viambishi mwishoni mwa neno, basi kina kinapatikana kwa urahisi, na "versével" limetumika mara mbili bila haya. Uzito wa ubeti hauko kwenye ufundi wa kina. Uko kwenye mwendo: kwa akili, kwa beti, kwa ukatili, kwa beti tena, kama ngoma inayorudi palepale hadi ubeti wa pili unapofunguka na kutaja silaha na mashujaa.

Petar alipokaa kuufasiri alikuta tatizo ambalo msomaji wa Kiswahili ataling'amua mara moja. Kikroatia kilikuwa na mapokeo yake ya mizani 12, yaliyotumika tangu Marko Marulić, ambaye utendi wake kuhusu Judith, shujaa wa kike wa Biblia, ulichapwa Venice mwaka 1521. Katika mapokeo hayo mshororo unakatika sita kwa sita, ukwapi na utao, na kuna kina cha kati na kina cha mwisho. Mizani ni ileile ya kaka yake, ila vituo vya vina vimeongezeka maradufu: pale Miklós alipohitaji vina vinne, Petar alihitaji vinane. Mfungwa wa vina hutafuta neno la kujazia, na neno la kujazia huzaa wazo jipya. Hii ni sababu mojawapo iliyoufanya utendi wa Kikroatia urefuke kuliko wa Kihungaria. Sababu nyingine ni ya makusudi: Petar anawapa mashujaa wa Kikroatia nafasi na sifa zaidi. Kwa hiyo anayesema "Petar alifasiri tu" hajasoma, na anayesema "Petar alitunga utendi mwingine" naye hajasoma. Lugha yake pia haikuwa ya kijiji kimoja. Msingi wake ni lahaja ya Kičakavi, juu yake kuna Kikajkavi na Kištokavi, ili asomeke na Wakroatia wa pwani na wa bara. Mkewe, Ana Katarina, alifanya vivyo hivyo katika kitabu cha sala alichokifasiri kutoka Kijerumani, kilichochapwa Venice mwaka 1661.

Je, Miklós mwenyewe alikuwa nani? Katika barua ya Kilatini ya mwaka 1658 alisema anajijua kuwa Mkroatia asiyeasi asili yake, tena Zrinski. Katika maandishi yake ya nathari ya Kihungaria ya miaka iliyofuata, akihimiza liundwe jeshi la kudumu dhidi ya Waturuki, anasema "sisi Wahungaria". Hakuna unafiki hapo wala kusahau. Neno la Kilatini Hungarus lilimhusu mtu yeyote wa ufalme ule, hata kama lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kikroatia, Kislovakia au Kijerumani. Kiswahili chetu kina neno moja tu, Mhungaria, na hilo ndilo linalotutega. Napendekeza gazeti lenu litumie "mtu wa ufalme wa Hungaria" pale linapohusu taji, na "msemaji wa Kihungaria" pale linapohusu lugha. Ni maneno marefu, lakini yanazuia uongo.

Majina nayo yanahitaji uangalifu. Kwanza, mlinzi wa Szigetvár aliyekufa 1566 na mshairi aliyezaliwa 1620 wana jina moja, na mara nyingi huchanganywa. Andikeni mwaka kando ya jina. Pili, anayemtafuta mshairi katika orodha za maktaba asiishie kwenye Zrínyi. Ajaribu pia Zrini, Zrinski, Zrinszki, na Serini, maana ndivyo alivyojulikana hadi London, ambako kitabu cha kumsifu kilichapwa mwaka 1664, mwaka aliouawa na nguruwe mwitu mawindoni karibu na Čakovec. Tatu, miji: Pozsony, Pressburg na Bratislava ni mji mmoja, Nagyszombat, Tyrnau na Trnava ni mmoja, na ndiko Pázmány alikoanzisha chuo kikuu mwaka 1635. Mkinukuu ukurasa wa mbele wa kitabu, acheni jina lililochapwa, kisha mwandike la leo mara moja tu. Nne, tahajia inaweza kufichua dhehebu: sauti ya "ch" katika Kihungaria, wachapaji wa Kikatoliki kwa kawaida waliiandika "cs", wa Kiprotestanti "ts". Mhariri anayesawazisha yote kwa tahajia ya leo anaifuta alama hiyo.

Kwa wenzangu wafasiri nina neno la kiutendaji. Msiufasiri utendi huu kutoka lugha ya tatu. Mwanzo kabisa wekeni chapa mbili mezani, ya Vienna na ya Venice, na mlinganishe ubeti kwa ubeti. Penye giza katika Kihungaria, mara nyingi Kikroatia kinaonyesha ndugu aliuelewaje, na yeye alimjua mtungaji kuliko mhakiki yeyote. Kisha chagueni bahari. Utenzi wa mizani 8 utavutia mkono, kwa kuwa habari ni ya vita, lakini sentensi za Zrínyi ni ndefu na zitakatwakatwa. Mizani 12, sita kwa sita, inafaa zaidi, na si ngeni kwetu. Mkifasiri maandishi ya Miklós, wekeni kina cha mwisho tu. Vina vya kati viacheni kwa Petar, vinginevyo msomaji hatasikia tofauti ya ndugu hao. Maneno ya Kituruki yabaki ya kigeni vilevile, maana mtungaji alitaka yasikike hivyo. Mfano wangu wa ubeti ule wa kwanza ni huu:

Mimi wa zamani, kwa akili changa
Beti za mapenzi tamu nilitunga,
Na ukali wake Viola kupinga:
Sasa za kishindo cha vita naunga

Nimepoteza vitu viwili, na nivitaje ili mwingine afanye vizuri zaidi. Miklós hasemi alitunga beti za mapenzi, anasema alicheza nazo, na mchezo huo ndio unaoupa uzito mshororo wa vita. Pia nimemwondoa Mars, mungu wa vita wa Warumi, ambaye anauunganisha ubeti na Virgil moja kwa moja. Nilichopata ni mizani iliyotimia na kina kimoja cha "-nga" kinachokaa kwenye vitenzi na kivumishi kama "-vel" inavyokaa kwenye nomino. Ugumu huu ni wa zamani. Albert Szenci Molnár alipozigeuza Zaburi zote 150 kwa Kihungaria ili ziimbwe kwa tuni za Geneva, kazi iliyochapwa Herborn mwaka 1607, alilalamika kuwa maneno ya Kihungaria ni marefu mno kwa beti fupi za Kifaransa. Kiswahili nacho, chenye kitenzi kinachobeba sentensi nzima, kitamlalamikia mfasiri vilevile.

Petar na shemeji yake Fran Krsto Frankopan, ambaye naye alikuwa mshairi, walikatwa vichwa Wiener Neustadt tarehe 30 Aprili 1671 kwa kula njama dhidi ya mfalme. Binti yake Petar, Ilona kwa Kihungaria na Jelena kwa Kikroatia, ndiye mama wa Ferenc Rákóczi wa Pili, aliyeongoza uasi mkubwa kisha uhamishoni akaandika maungamo yake kwa Kilatini na kumbukumbu zake kwa Kifaransa. Mhudumu wake Kelemen Mikes, wakiwa pamoja uhamishoni Uturuki, aliandika Kihungaria. Mkiendeleza mfululizo wenu wa makala, hapo ndipo pa kuanzia sehemu inayofuata, na nawaomba Rákóczi atajwe pamoja na Petar, babu yake mzaa mama, katika aya moja.

Wenu katika fasihi,
Mfasiri na msomaji wenu wa siku nyingi